Vifungo Saba

Mume wangu Bogumił ana miaka sabini na mitatu,
na kila asubuhi, hata ya Jumatatu isiyo na miadi,
hushuka ngazi za jengo letu hapa Łódź
kwa shati jeupe, tai ya kijivu,
na suruali niliyoipiga pasi
hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate.
Anakwenda kununua maziwa.

Wacław humngoja kwenye benchi la kituo cha tramu:
jinzi imechanika magotini, raba za rangi ya limau,
kifuani papa aliyevaa miwani ya jua
(yule wa baharini, si wa Roma).
"Leo unakwenda kumzika nani?"
"Wewe, ukikubali kufa."
Ndiyo salamu yao tangu wastaafu.

Wacław ana hoja, na haimwishi.
Miaka arobaini shingo ilikuwa ya kiwanda,
sasa ni yangu, iacheni ipunge upepo.
Nani kasema mvi lazima zivishwe kola?

Ya Bogumił ni fupi.
Alipima vitambaa miaka thelathini na minane,
anajua kitambaa hulegea vipi kikishaachiliwa,
na mtu, asema, hulegea vivyo hivyo:
huanzia ukingoni.

Mimi nilikuwa katikati, pasi mkononi.
Siku nyingine nilimwona Wacław kituko,
mjukuu aliyeota mvi.
Siku nyingine nilimwonea mkewe wivu.

Siku ya kuzaliwa kwake, mkwe wetu Jagoda
alimletea suruali ya michezo, laini, mpira kiunoni.
Bogumił alishukuru kwa mikono miwili,
akaizika kabatini
chini ya mablanketi ya wageni.

Kisha Jumanne moja ya Novemba
nikamkuta sebuleni ameivaa.
Na fulana. Na sweta ya kuvuta kichwani.
"Ukubwa jaa," alisema bila kuniangalia,
"na jaa halivai tai."
Nikacheka. Nikamwambia amependeza,
ingawa alionekana kama fundi
aliyekuja kutazama mabomba.

Hakwenda kununua maziwa siku hiyo.
Wala Jumatano.

Alhamisi niliingia chumbani kutafuta soksi za kufua,
nikaliona shati kitandani:
vifungo viwili vya chini vimefungwa,
cha tatu kinaning'inia kwa uzi mmoja
kama jino la mtoto.

Nilikaa.
Ni miezi mingapi anaamka kabla yangu,
anarudisha mlango,
anapigana na vitundu visivyozidi punje ya mchele
kwa vidole vilivyovimba baridi yabisi?
Na sisi huku twabishana, heshima, uhuru,
mzee avae nini, asivae nini,
kumbe neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha za vidole.

Sikumuuliza.
Usiku nilifungua kikopo cha bati cha mama,
nikang'oa vifungo vyote saba, nikaziba matundu,
nikavishona tena juu yake, pambo tu,
na kwa nyuma nikaweka vibanio vya chuma,
vile vya kubonyeza, vinavyosema tak.
Mashati manne. Nilijichoma mara mbili,
nikatukana kwa sauti ya chini.
Tai niliifunga kabisa, nikaiachia kitanzi.
Shati la kwanza nikalitundika kwenye kitasa.

Asubuhi, nyuma ya mlango:
kimya.
Tak.
Kimya kirefu mno, hata nikazima birika nisikie.
Kisha tak, tak, tak,
mtu mwenye haraka zake.

Akatoka: shati jeupe, tai ya kijivu,
na chini yake suruali ya michezo ya Jagoda.
Nilimtazama. Akanitazama.
"Maziwa tu," alisema.

Kutoka dirishani nilimwona Wacław akiinuka benchini,
akamzunguka mara moja
kama anayekagua gari la mtumba,
kisha akaishika ile tai, polepole,
akainyoosha.