Keria ya Gerezani

Niliikuta Gerezani, chini ya milango mitatu ya Pijo
na bampa lisilo na mwenyewe.
Mwasapile akataja laki na ishirini. Nikacheka.
Akashuka tisini, akaapa kwa mama yake.
Nikatoa sitini na tano na soda moja baridi,
tukapeana mikono, yote michafu.

Futi nane. Mabomba kumi na moja.
Miguu sita: mmoja umekatika,
mwingine umefungwa kwa waya wa umeme
na mtu aliyekuwa na haraka zake.
Guta likaibeba hadi Tabata Kimanga,
ncha zikining'inia nyuma
kama miguu ya mtoto aliyelala mgongoni.

Burashi la waya. Msasa namba themanini.
Ndimu zilizolegea, za bei ya jioni,
chumvi, na usiku mzima wa kungoja.
Kutu ni moto usio na haraka:
hula chuma miaka ishirini
bila kumwunguza aliyekishika.

Chini ya nyeusi, kijani.
Chini ya kijani, nyeupe ya hospitali.
Na chini ya nyeupe, bomba la nne,
mtu amekwaruza kwa msumari:
MAGODORO 14 MAKAMBAKO.
Basi. Hakuna jina, hakuna tarehe.
Nikabaki na msasa hewani.
Magodoro kumi na manne!
Ya bweni? Ya gesti? Ya msiba?
Nani aliyahesabu, na kwa nini hakuamini karatasi?
Bomba hilo nililipita.
Rangi nimelipaka nyembamba, herufi zisizame.

Ambokile huchomelea bila miwani,
jicho moja amelifumba
kama anayeukonyeza moto.
Nikampa miwani ya jua ya mke wangu,
ile yenye vito pembeni.
Mtaa ukacheka. Yeye hakucheka,
alikuwa akihesabu miguu.

Tukaipandisha Jumamosi, watu wanne na ngazi ya kuazima,
juu ya kombi yangu rangi ya dona,
yenye kitanda cha mninga ndani
na jiko la gesi nililolifunga kwa mkanda wa shule.
Ikatua upande wa kulia.
Kushoto, vidole vinne pungufu.
Tukasukuma. Tukavuta. Nikaitukana kwa heshima.
Sihaba akatoka jikoni, unga hadi viwikoni,
akatazama juu, akatazama tepu shingoni mwangu.
"Keria umeipima," akasema. "Kombi je?"

Ikashuka.
Grenda ikalia hadi adhana ya alasiri, ikanyamaza, ikalia tena.
Kila mguu tukauvika kipande cha tyubu ya baiskeli
ili chuma kisiikwaruze ngozi ya mwenzake.
Kisha spana kumi na tatu, robo mzunguko, robo mzunguko,
mbele kulia, nyuma kushoto,
taratibu, kama unayemfunga vifungo
mtoto asiyetaka kwenda shule.

Ambokile akaidandia kwa mikono miwili, akabembea.
Kombi ikayumba, springi zikalalamika,
keria kimya.
"Mbovu huongea," akasema, akajifuta jasho,
akaondoka na miwani.

Tulisema Ruaha.
Tukasema basi, Matema, tukaoge ziwani.
Petroli nayo ikasema yake.
Kwa hiyo usiku ule tulilala uani,
godoro, neti, redio ya betri,
na juu yetu dumu mbili za maji na turubai lililokunjwa
vimefungwa kamba kama vinakwenda mbali.

Saa nane mvua ikaja.
Sikuwahi kujua bati la kombi lina sauti hiyo:
mabomba yakiipokea kwanza, kila moja kwa urefu wake,
la nne, naapa, likiwa zito kuliko yote.
Nilikuwa karibu kumwamsha Sihaba asikilize
tone likanidondokea katikati ya paji.
Mguu wa tatu. Mshono wa mfereji.

"Silikoni," nikasema gizani.
"Sogea," akasema,
akaweka sufuria mahali palipokuwa na kichwa changu.