Maua ya Ukutani

Fidencio amepoteza sauti tangu Jumanne.
Ananiita kwa kugonga kijiko kwenye tendegu:
mara mbili, maji; mara tatu, blanketi;
mara nne, sijui,
na nadhani hata yeye hajui,
anagonga tu nije nimtazame.

Desemba hapa Tlaxco, alfajiri, barafu nyembamba
hutanda juu ya pipa kama utandu wa maziwa.
Niliivunja kwa ngumi, nikajaza sufuria ya bluu,
ile yenye kovu mdomoni.

Dawa aijua yeye. Ni ya mama yake, marehemu Nicanora,
aliyeuza vitambaa sokoni wala hakuandika kitu,
kila kipimo alikiacha mikononi mwa mwanawe.
Basi nikamkalisha jikoni, shali kichwani,
akaniamuru kwa vidole.
Kimoja, kilichonyooka. Kijiti cha mdalasini.
Ngumi. Kitunguu? Akatikisa kichwa.
Ngumi tena, kwa hasira. Ndimu? Ndimu.
Kisha akafungua viganja vyote viwili, polepole,
kama mtu anayemwachia ndege,
akaelekeza kidevu dirishani.

Bugambilia.

Nikaegemea meza.
Maua hayo sisi tunayo kwa macho tu.
Shina liko ng'ambo ya ukuta, kwa Hermelinda fundi cherehani,
ambaye hatusemezani, mwaka wa tatu huu,
kwa ajili ya bomba la mvua
linalomwaga kwake, ndivyo adaivyo,
au kwetu, ndivyo tulivyoapa.
Na Fidencio huyuhuyu, sauti ikiwapo,
sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili,
alisema: "Hata jani la kwake sitaliokota!"
Nikamkumbusha.
Akatazama dari.

Nilitoka na ngazi.
Matawi yalikuwa yamevuka zamani bila kuuliza mpaka,
maua yake rangi ya damu ya mzee, makavu kama karatasi.
Mengi yameungua kwa baridi. Yaliyodondoka
kuku wameyakanyaga.
Ndiyo kwanza ninyooshe mkono,
huko ndani akakohoa.

Kikohozi kile! Huanzia magotini,
hupanda mbavu moja moja kama mgeni mlevi,
kisha hutikisa vikombe kabatini.
Kikohozi hakifichiki, husema wasemao.
Hakijui ukuta pia.

Ng'ambo, cherehani ikanyamaza.

Nikaganda juu ya ngazi,
mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.
Ukatokea mkono, na mkasi wa kukatia vitambaa,
ukakata shada la juu kabisa, ambalo mimi nisingelifikia,
ukalilaza ukutani katikati ya vigae vya chupa.
"Yaoshe. Paka hupita hapo," ukasema ukuta.
"Wala usitie sukari. Asali, moto ukishazimwa."
Uso sikuuona.
Nikauambia mkasi asante.

Maji yalichemka, nikatumbukiza maua.
Kwanza maji yaliona haya kidogo,
kisha yakaiva zambarau,
na maua yakabaki meupe, yamechakaa
kama leso iliyofuliwa tangu harusi.
Mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani yake.
Nikasubiri, nikazima, nikakamua ndimu,
asali ikashuka kwa uzembe wake wote.
Yeye akanusa, akafumba macho,
nami nikajua kuwa kwa sekunde hiyo
jikoni tulikuwa watatu.

Alikunywa vikombe viwili. Alitoka jasho la kubadilisha shuka.
Usiku cherehani ilifanya kazi hadi saa tano,
kisha ikatulia, nadhani ikisikiliza.

Asubuhi ya pili sauti ilirudi,
nzee, yenye kutu, msumeno wa kuazimwa.
Nikaketi kitandani kulipokea neno la kwanza.

"Mdalasini," akasema, "uliuzidisha."

Bomba bado linamwaga, sijui upande gani.
Nikachukua kijiko mkononi mwake
nikagonga tendegu
mara nne.