Waya wa Breki

Hatulipwi. Pale Idodi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga,
hawachoki kuniuliza:
"Kihwele, kwa hiyo unakula nini? Nyayo za twiga?"

Nacheka. Jumatano naondoka kabla ya jogoo wa pili,
na buti za marehemu Luhanga
(alikuwa na miguu mikubwa, najazia gazeti),
kiroba kitupu cha mbolea begani.

Tunaingia porini kwa mstari, watu sita,
macho chini kama tuliopoteza shilingi.
Mtego hauonekani.
Unaonekana mti uliochubuka gome upande mmoja,
ndipo unajua.

Leo kumi na saba.
Na swala pala mmoja, bado wa moto,
nzi hawajapata habari.
Mama Kikoti akamfumba macho kwa kiganja
kama afanyavyo kwa watu.

Wa mwisho niliufungua mwenyewe, kando ya korongo.
Waya wa breki, mwembamba,
una doa la bluu, rangi niliyoimwaga mimi
Pasaka ile, nikipaka baiskeli ya kaka.

Daftarini nikaandika: kumi na saba.
Wa kumi na nane ukaingia mfukoni.

Usiku, ugali na mlenda.
Baiskeli imeegemea ukuta.
"Unashukaje kile kilima cha shule?"
"Taratibu," akasema. "Kwa kisigino."

Nikauweka waya mezani,
kati ya taa na kopo la chumvi.

Tukala.
Hakuna aliyeomba chumvi.