Ampea Ishirini

Kuhmo, Januari. Nje ni ishirini na saba chini ya sifuri,
na Bi Aune ananifungulia mlango
kavaa soksi tatu kila mguu.
"Kile kidude cha ukutani," anasema, "kinanuka."

Nakifungua. Plastiki imegeuka rangi ya ugoro.
Nauliza: nani kaunga korido kwenye laini ya bafu?
Kimya. Kisha: "Eino.
Na chumba cha nyuma pia,
wiki ile kabla ya hospitali."

Napiga hesabu mgongoni mwa bahasha.
Bafu, wati elfu moja na mia nne.
Korido, mia tisa.
Chumba cha nyuma, anakohamia dada yake Ijumaa,
na miguu yake isiyokunjika: elfu mbili na mia tatu.
Ampea ishirini.
Kidude kimeandikwa kumi na sita, kwa herufi ndogo mno,
kama mtu anayeona haya kusema amechoka.

Simlaumu marehemu.
Alitaka kila atakapokanyaga mkewe pawe na joto,
akasahau kumuuliza mbebaji.

Basi nazima swichi kubwa. Friji inakata kauli.
Navuta waya mpya kutoka kwenye boksi, wa milimita sita,
mgumu, unagomea kila kona kama mbuzi aliyejua anakopelekwa.
Naweka breka yake. Nafunga kontakta:
huyu ndiye hamali.
Kidude kipya cha ukutani kitakuwa karani tu,
kitasema washa, kitasema zima,
gunia halitamgusa bega.

Ndani ya mlango wa boksi, kwa penseli, mwandiko wa Eino:
neno "sakafu", mshale,
halafu alama ya kuuliza.
Kumbe alijua.
Kifutio ninacho mfukoni. Nakiacha humo humo.
Naandika chini yake, kwa wino: 25.

Nawasha.
Tak!
Bi Aune anashtuka. "Nini hicho?"
Ndivyo anavyoitika, namwambia. Utamzoea.

Anavua soksi ya kwanza. Ya pili.
Namwonya kwamba saruji haina papara,
saa mbili, pengine tatu.
Ya tatu.
Anasimama palepale kwenye korido,
mguu mmoja mtupu juu ya vigae vya baridi,
ameshika ukuta,
anangoja.