Kiulizi Kilichodondoka

Prufu zimeletwa Jumatatu, kurasa mia sita na ushei:
ile riwaya kuukuu ya wapuliza vioo
kule milimani Bohemia, theluji hadi madirishani.
Kila Mcheki aliisoma shuleni, au hudai aliisoma.
Radovan, mhariri, ameandika kwa penseli nyekundu:
"Toleo fupi. Yule mtoto tumtoe.
Haolewi, harithi, hafi.
Anauliza tu."

Basi nimekaa hapa Brno, chai imepoa,
bomba la joto linakoroma ukutani,
namfuata Otylka, miaka saba, mchunga bata bukini,
nione kama kweli hana kazi.

Ukurasa wa kumi na nne yuko chini ya meza.
Juu wanagawana tanuri la marehemu:
wakili, wajomba, mjane na shali yake.
Yeye anaona viatu.
"Mbona viatu vya mjomba Matouš vina majivu,
na tanuri lilizimwa siku ya msiba?"
Mtu anakohoa. Mtu anaomba chumvi.
Mtoto anapewa kiazi akale jikoni.

Nikajaribu. Nikamfunika kwa kipande cha karatasi,
sentensi kwa sentensi,
kama anayevuta uzi mmoja tu kwenye sweta.
Supu ikanywewa. Chumvi ikapita mkono kwa mkono.
Viatu vikabaki viatu.
Matouš akarithi, akanenepa, akazikwa kwa matarumbeta,
na kitabu kikaisha ukurasa wa tisini,
safi kama sahani isiyowahi kuliwa.

Maana wakubwa wote wanajua.
Hilo sikuliona nilipokuwa na miaka kumi na mitano,
nikirukaruka kurasa kutafuta busu.
Kasisi anajua. Mpishi anajua, kahongwa saa ya mfukoni.
Mjane analala nalo kitanda kimoja.
Macho wanayo.
Wanachokosa ni mtu asiyejua kwamba hilo haliulizwi.

Na si malaika, jamani.
Anasikiliza milangoni. Ameiba kifungo cha koti la maiti
kwa sababu kinang'aa.
Anamuuliza mzee Bořivoj, mwenye gongo,
mguu wake uliokatwa ulizikwa wapi,
na je, uliombewa?
Mzee anacheka, mara ya kwanza katika sura nane,
anamwonyesha: pale, chini ya mtufaha.
Wanapochimba
wanakuta zaidi ya mguu.

Nimeyahesabu maswali yake: arobaini na moja.
Yaliyojibiwa: matatu.
Moja lilihusu bukini.

Mimi, umri wake, nilikuwa na moja tu:
kwa nini kiti cha baba kimepelekwa darini.
Mama akasema, kula.
Nikala. Nikakua.
Nikapata kazi ya kusahihisha mikato ya watu wengine.

Ukurasa wa mia tano tisini na mbili ndio mwisho wake.
Matouš anapandishwa kigarini, pingu mkononi,
farasi wanatoa mvuke.
Otylka hamtazami. Anamgeukia mjane:
"Na wewe ulikuwa unajua."
Nukta.

Nukta hiyo ilinikera kama punje ya mchanga kwenye jino.
Nikashuka ghalani. Toleo la wakati wa vita: nukta.
Lililotangulia: nukta.
La kwanza kabisa, lenye harufu ya uyoga,
wino umefifia, lakini kipo, kimejikunja
kama sikio:
"Na wewe ulikuwa unajua?"

Miaka yote hii tumemfundisha mtoto kuhukumu,
naye alikuwa bado anauliza.
Alikuwa bado anamwachia yule mama nafasi
ya kufungua mdomo.

Nimekirudisha. Pembeni, kwa Radovan, neno moja:
abaki.

Kisha nikampigia mama simu.
Iliita mara nane.
Alipopokea, nikamuuliza
kama huko kwao theluji imeanza.