Mfereji wa Pili

Mashine ina vinywa viwili, ikiwa hujui.
Cha kwanza hutoa jibu, cha pili hutoa kosa,
na vyote humwagikia kioo kimoja,
maji ya mvua na maji ya karo, huwezi kuyatenga,
mpaka uje uchore kimshale: >
uyaambie ya kwanza, nendeni faili lile,
na nyuma ya kimshale ukiweka 2
uyaambie ya pili, nanyi shikeni njia yenu.

Haya nilifunzwa na Mbwarali Fumo,
ghorofa ya tatu, Shimanzi, kwa wakala wa forodha,
feni ikilia kama mlango wa choo,
visheti juu ya karatasi ya ankara.
Akiandika upesi, kwa vidole viwili,
na mwisho wa kila mstari akipachika mkia:
2>/dev/null
"Shimo hilo halijai," akanambia.
"Tupa humo, upate kulala."

Akahamia Doha. Nikarithi kiti
na hati yake ya mistari mia mbili
iliyoamka kila saa nane usiku
ikahesabu makontena, ikanakili, ikalala.
Kila asubuhi: kimya.
Nikasema alhamdulillahi, mashine haijambo.

Siku ya arubaini na moja Bi Wakesho wa mitumba
akaja na risiti iliyokunjwa mara nne.
Kontena lake halimo.
Wala si lake tu. Diski ilijaa tangu Rajabu,
na tangu Rajabu ile hati ikilia kila usiku
hakuna nafasi, hakuna nafasi,
kilio kikienda shimoni
na mimi nikienda nyumbani.

Usiku ule niliing'oa mikia, mmoja mmoja.
Mahali pake: 2>> makosa
Mishale miwili, kwa kuwa mmoja
hufuta cha jana kabla ya kuandika cha leo,
na cha jana ndicho nilichokuwa nikikitafuta.
Penginepo nilitaka yote yafuatane: 2>&1
lakini hapo sharti umwonyeshe wa kwanza njia
ndipo umwambie wa pili mfuate.
Ukitanguliza la pili, atakwenda alipokuwa mwenziwe,
si aendako;
ni kumpa mgeni anwani ya nyumba uliyokwisha hama.
Nilikosea hilo mara tatu.

Kisha, juu kabisa, nyuma ya alama ya reli
ambapo mashine huruka bila kusoma,
nikamwachia atakayerithi kiti:

# Mfereji wa kwanzani, hupitisha yalo mema
# Na wa pili ulo ndani, hupitisha yalokwama
# Ukiutupa shimoni, hutasikia lawama
# Nyumba kimya si amani, pengine watu wazama

Alfajiri nikampigia mama, Mtongwe.
"Hujambo, mama?"
"Sijambo, mwanangu. Sijambo kabisa. Hatujambo sote."
Jibu safi, halina doa.
Miaka mingapi nimelipokea hilo
nikakata simu?

Safari hii sikukata.
Nikasikia jogoo wa jirani, kifuniko cha sufuria,
na pumzi inayopanda ngazi
ilhali yeye ameketi.
Nikangoja.
"Ila," akasema,
nami nikatafuta kalamu.