Darasa la Kulinganisha

Nilipanda Kadutu nyuma ya kijana aliyebeba kreti ya bia.
Haikuwa na chupa. Ilikuwa na vitabu sitini na vitatu,
vyembamba, vya Kiswahili na vya Kifaransa,
vingine panya wa ofisi ameshaonja pembe.

Utafiti wangu ulikuwa mwepesi kuuandika:
la nne A wasome dakika ishirini kila siku,
kila mtoto ajichagulie, akichoka nacho akiache,
na asiulizwe swali hata moja.
La nne B waendelee na ubao,
je lis, tu lis, il lit,
wanyambue kusoma bila kusoma.

Kati ya madarasa, ukuta wa mbao.

Mwalimu Zihalirwa wa B aliniuliza,
"Na sisi tutapata nini?"
Nikamwambia: ninyi ni kundi la kulinganisha.
Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa
bomba la maji litafika kwanza mtaa wa pili.

Wizara ina waraka wake:
lugha ya eneo chini, Kifaransa juu,
mtoto apande kama ngazi.
Aliyeuandika hajaziona ngazi za Kadutu,
za udongo na magunia ya mchanga;
mvua ikinyesha, ya tatu huitangulia ya kwanza
kufika bondeni.

Nsimire, kwao ni Mashi tupu,
Kiswahili ni cha sokoni, Kifaransa cha kuogopa.
Siku moja aliinua kidole:
"Mwalimu, hapa baliandika vitabu.
Si tunasemaka bitabu?
Hii Kiswahili ni ya nani?"
Dodoso langu halikuwa na kisanduku cha swali hilo.
Nikasema, ni ya jirani.
"Basi tukimaliza tutamurudishia,"
akageuza ukurasa.

Mwezi wa pili vitabu vikaanza kutembea.
Vinne vilipotea Ijumaa, vinne vikarudi Jumatatu,
vinanuka moshi, kimoja na kidole cha mawese
juu ya picha ya kiboko.
Baadaye kumi na kimoja.
Daftari langu linasema: panya?

Juni nikasahihisha mitihani kwa taa ya simu.
A walikuwa wamepanda.
B walikuwa wamepanda vilevile.
Nikahesabu tena. Tofauti yenyewe
usingeweza kuikwangua kwa ukucha.
Miezi saba, na karo yangu ya chuo ndani yake.
Nililia kidogo, kisha nikala ndizi.

Kesho yake nikaketi nyuma kabisa, la nne B.
Saa nne, saa ya wenzao kusoma,
kipande cha ukuta kikacheza kama jino la mtoto.
Mkono ukatokeza kutoka A, umeshika kitabu.
Mkono wa B ukapokea, ukatoa kingine.
Hapakusemwa neno, la lugha yoyote.
Kisha ukaja mkono wa pili, na wa tatu;
walikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na msimamizi,
mvulana mmoja, Mugisho, mwenye orodha
aliyoiandika nyuma ya kalenda ya kanisa:
nani amechukua, nani anadaiwa, nani amerudia mara ya tano.
Safi kuliko daftari langu.

Mwalimu Zihalirwa alikuwa ametupa mgongo.
Aliandika polepole mno, kitenzi kilekile,
je lis, tu lis,
na chaki yake haikuwa ikigusa ubao.

Msimamizi wangu amenirudishia ripoti.
Pale niliposema makundi hayakutofautiana
amepiga mstari mwekundu: Utafiti umeharibika. Eleza sababu.

Kreti nimeiacha kulekule.
Na kwenye nafasi ya sababu
nimejaza vipimo vya tundu:
upana sentimita kumi na sita,
urefu ishirini na mbili,
kingo zimelainika.